Kisima Kisichonunua Mafuta: Mjadala juu ya Maji na Malisho Chini ya Kilimanjaro

Hoja inayojadiliwa: kwamba visima virefu vilivyoacha kutoa maji katika nyanda kame zilizo chini ya Mlima Kilimanjaro, kuanzia Longido na Siha upande wa magharibi, kupitia Simanjiro kusini, hadi Same upande wa kusini-mashariki, vifufuliwe vyote na kufungwa pampu zinazoendeshwa kwa nishati ya jua.

MHANDISI WA MAJI: Hoja hii inastahili kuungwa mkono kwa sababu iliyo wazi kwa fundi yeyote aliyewahi kushughulikia kisima kilichotelekezwa: mara nyingi kisima chenyewe ni kizima, na kilichokufa ni mashine iliyofungwa juu yake. Kisima kirefu, yaani shimo jembamba lililochimbwa kwa mtambo hadi kwenye tabaka la mwamba lenye maji na kuvikwa bomba la kinga lenye matundu ya kuchuja, huweza kudumu kwa miongo kadhaa, ilhali injini ya dizeli ilidai mafuta kila siku, oili na filta kila mara, na mlinzi wa kulala karibu nayo ili isiibwe. Uhakiki wa vituo vya maji vijijini uliofanyika nchini mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulionyesha kwamba karibu vituo viwili katika kila vitano havikuwa vikitoa maji. Hatua za kufufua kisima zinajulikana: mabomba ya ndani hung'olewa moja baada ya jingine, na aghalabu hutoka yakiwa na ukoko mweupe wa chokaa au kutu nyekundu, kamera hushushwa kuangalia kama matundu yameziba au bomba limepasuka, shimo husafishwa kwa hewa iliyoshindiliwa hadi maji yatoke maangavu, kisha maji husukumwa mfululizo, kwa kawaida saa 24 au zaidi, huku kina chake kikipimwa, ili ijulikane kisima kinaweza kutoa kiasi gani bila maji kushuka hadi kwenye pampu. Baada ya hapo hesabu ni nyepesi. Kupandisha lita 30,000 kwa siku kwa kimo cha jumla cha mita 100 kunahitaji takriban paneli 12 za wati 350 kila moja, tena bila betri, kwa kuwa kinachowekwa akiba kwa ajili ya usiku ni maji ndani ya tangi. Ng'ombe wa asili katika joto la nyanda hizo hunywa kati ya lita 25 na 40 kwa siku. Kisima kimoja cha kadiri, kwa hiyo, kinanywesha ng'ombe wapatao 1,000 bila tone la dizeli.

MTAALAMU WA MALISHO: Hesabu hiyo imehesabu maji na midomo, ikasahau majira. Katika nyanda ambazo mvua ya mwaka mzuri ni milimita 400 hadi 600, majani ya kudumu, yaani yale yanayochipua upya kutoka kwenye shina lilelile mwaka baada ya mwaka, yanahitaji miezi ya kupumzika ili yarudishe nguvu za mizizi na kudondosha mbegu. Kwa karne nyingi kilichoyapa majani mapumziko hayo kilikuwa ni ukosefu wa maji: mvua zikinyesha, mifugo ilitawanyika hadi kwenye mbuga za mbali zenye vidimbwi vya muda, vidimbwi vikikauka, mifugo iliondoka ipende isipende, ikarudi kwenye mito, chemchemi na visima vya kuchimba kwa mkono. Kisima cha kudumu kikiwekwa katikati ya malisho ya masika hubadilisha kalenda yote hiyo, kwa sababu kundi halina tena sababu ya kuondoka. Senegali ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa katika eneo la Ferlo, ambako visima virefu vilivyochimbwa kuanzia miaka ya 1950 vilivuta makundi yakakaa mwaka mzima, na ukame mkubwa wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulipofika, ng'ombe walikufa kwa njaa kandokando ya visima vilivyokuwa bado vinatoa maji. Kabla ya kuuliza kisima kitanywesha ng'ombe wangapi, inapasa kuuliza kitawanywesha miezi gani.

MFUGAJI: Ndugu Mtaalamu anaueleza vizuri utaratibu wa mababu, lakini anausimulia kana kwamba ardhi ya mababu bado ipo. Tarangire ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Wafugaji wa Mkomazi, upande wa Same, waliondolewa mwaka 1988, na kesi yao, iliyoanzia Mahakama Kuu ya Moshi, ilimalizikia kwenye Mahakama ya Rufani mwaka 1999 bila kuwarudishia malisho. Upande wa magharibi wa mlima kuna ranchi na mashamba makubwa. Upande wa kusini kuna miwa na mpunga mpaka ukingoni mwa mto. Mfugaji aliyezibiwa njia ya kwenda kwenye maji ya kiangazi anaambiwa asiombe maji pale aliposukumwa, ati yataharibu majani. Lile duara la vumbi ambalo wataalamu hulionyesha kwenye picha zilizopigwa kutoka angani, lile eneo tupu linaloizunguka mbauti, yaani birika refu la kunyweshea, huzaliwa mahali ambapo visima vitano vimekufa na cha sita kimebaki, kwa kuwa makundi yote sita hukutana hapo mwezi wa Septemba, yakakanyaga njia ileile na kungoja zamu siku nzima. Vifufuliwe vyote, na kila boma litanywesha karibu na kwake.

MTAALAMU WA MALISHO: Hoja ya kutawanya visima ili mifugo itawanyike si ngeni katika nchi hii, na matokeo yake yanajulikana. Serikali ya kikoloni ilikuwa nayo katika Mpango wa Maendeleo ya Umasai wa miaka ya mwanzo ya 1950, uliochimba visima na kujenga mabwawa kwa matumaini kwamba kila kundi litatulia mahali pake. Mradi wa mifugo na nyanda za malisho uliofadhiliwa na Marekani katika miaka ya 1970 ulirudi na hoja hiyohiyo, ukiongeza majosho na vyama vya ufugaji vyenye mipaka kwenye ramani. Muongo ulipokwisha, fedha nazo zikaisha. Mashine zilisimama, mabwawa yakajaa tope, na mbuga zilizokuwa zikilishwa miezi mitatu kwa mwaka zikawa zimezoeleka kulishwa mwaka mzima. Baadhi ya visima ambavyo Ndugu Mhandisi anataka kuvifufua leo ni mabaki ya fikra hiyo.

MFUGAJI: Mradi wa miaka ya 1970 ulichora mipaka bila kuwauliza malaigwanani, ambao ndio viongozi wa mila wanaoamua kundi lipi liende wapi na lini. Hata hivyo wafugaji hawakusahau kufunga malisho. Mpaka leo kila kijiji cha wafugaji chenye uongozi imara kina alalili, yaani sehemu ya malisho iliyotengwa kwa ndama na wanyama dhaifu, na mtu akiingiza kundi humo wakati usio wake hutozwa faini. Alalili haikubuniwa na ofisi. Ikiwa jamii inaweza kufunga majani, kwa nini isiaminiwe kufunga bomba?

MHAZINI WA JUMUIYA YA WATUMIA MAJI: Kwa sababu majani yana wazee wa kuyasemea, na bomba lina daftari ambalo hakuna anayetaka kulisoma. Ni vyema mjadala ushuke kutoka kwenye ramani ufike kwenye daftari hilo. Chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka 2019, iliyoanzisha RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, mradi wa kijiji huendeshwa na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, na chombo hicho ndicho kinachopaswa kukusanya fedha za matengenezo. Chukuliwe mfano wa kisima cha lita 30,000. Kaya zikichota lita 5,000, hayo ni madumu 250 ya lita 20. Kila dumu likilipiwa shilingi 50, zinapatikana shilingi 12,500 kwa siku, na wanaozitoa ni wanawake. Lita 25,000 zinazobaki hunywewa na mifugo, na mwenye mifugo hulipa mchango wa msimu, akikumbuka. Kwa bei ya dumu, ng'ombe anayekunywa lita 30 angelipiwa shilingi 75 kwa siku. Haiwezekani kumtoza mfugaji kiasi hicho mwezi wa Oktoba, na hakuna anayependekeza hivyo; lakini ukweli unabaki kwamba mwenye punda wawili na madumu manne ndiye anayemlipia maji mwenye ng'ombe mia tatu.

Enzi za dizeli jambo hili lilijificha, kwani mafuta yakiisha kila mtu aliona, wenye ng'ombe wakachangishana siku hiyohiyo ili mashine iwake. Paneli haidai chochote asubuhi. Inapita miaka mitano au sita maji yakitoka bure, watu wanasahau kwamba kuna kifaa cha kuongoza pampu, lile sanduku dogo linalobadili umeme wa paneli uendane na mota, ambacho kinaweza kuungua kwa radi moja ya masika. Na pampu yenyewe, iliyo mita 100 chini ya ardhi, haidumu miaka 25 kama paneli. Siku kifaa hicho kinapoungua, sanduku la jumuiya lina fedha za kununulia kufuli.

Hapa mjadala unagusa jambo ambalo maandishi mengi ya miradi hulipita haraka. Gharama ya mafuta ilikuwa mzigo kwa wafugaji, lakini bila mtu yeyote kukusudia ilikuwa pia ndiyo iliyofunga kisima: mvua ziliponyesha na malambo, yaani mabwawa madogo ya kuchimba, yakajaa, hakuna aliyekubali kuchangia dizeli, mashine ikazimwa, mifugo ikatawanyika, na majani yaliyozunguka kisima yakapumzika. Jua limeondoa mzigo huo, na pamoja nao limeondoa kile kilichofunga.

MHANDISI WA MAJI: Mama Mhazini amesema kweli kuhusu fedha, lakini kasoro zote alizozitaja zina tiba ya kiufundi. Zipo mita za malipo kabla, ambazo mtumiaji huingiza kadi na kuchota kiasi alicholipia. Mita ya aina hiyo inaweza kufungwa kwenye bomba la mbauti kama inavyofungwa kwenye kilula cha kuchotea ndoo. Pampu huwekewa kihisio kinachoizima maji yakishuka kupita kina kilichopangwa, na ukubwa wake huchaguliwa uwe chini ya uwezo wa kisima uliopimwa. Hilo linajibu pia hofu inayotokana na Yemen na baadhi ya majimbo ya India, ambako wakulima walijifungia pampu za jua kila mmoja shambani kwake, wakasukuma maji tangu asubuhi hadi jioni kwa kuwa hayakuwagharimu kitu, na maji ya ardhini yakazidi kushuka. Huku kisima ni cha kijiji na kinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, au cha bodi ya bonde jirani.

MHAZINI WA JUMUIYA YA WATUMIA MAJI: Kihisio huilinda pampu, hakimlindi mwanamke aliyefika saa kumi na moja alfajiri. Pampu ya jua huanza kutoa maji ya maana kama saa mbili asubuhi, hupata nguvu kati ya saa nne na saa tisa, kisha hufifia; na katika miezi ya Juni na Julai, wingu la baridi linapokaa juu ya nyanda za chini mpaka adhuhuri, hufifia zaidi. Mwanamke huja alfajiri kwa sababu baada ya hapo kuna kukamua, kuna watoto na kuna kuni. Tangi likiwa dogo, atakuta limekaushwa na makundi ya jioni iliyotangulia, atakaa hapo mpaka jua lipande, na jua likipanda ng'ombe nao watakuwa wamefika. Katika ramani za miradi mbauti na kilula huchorwa vikiwa mbalimbali, lakini bomba linalovilisha ni moja, na likifunguliwa kwenye mbauti, kilula hukauka. Mradi unaotaka kusifiwa kwa kumtua mama ndoo kichwani uanze kwa kutenga tangi la watu na tangi la mifugo, hata kama gharama yake ni kufufua visima vinne badala ya vitano.

MKULIMA WA MFEREJI: Watu wa mlimani nao wana neno katika hoja hii, maana kila kinachozungumzwa hapa ni maji ya mlima. Mvua inayonyesha kwenye msitu wa Kilimanjaro ndiyo inayonywea ardhini na kuibukia chini, kwenye chemchemi za Shiri na Nsere zinazonywesha mji wa Moshi, na Chemka kule Rundugai. Theluji ya kileleni, ambayo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, mchango wake katika maji hayo ni mdogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Wakulima wa mlimani wanaunga mkono visima, tena kwa nguvu, kwa sababu moja: kila kijiji cha tambarare kinachopata kisima chake ni kijiji ambacho hakitaomba bomba kutoka mtoni mlimani. Maji ya Mto Simba, wilayani Siha, yalikwisha kuvutwa kwa bomba refu hadi mji wa Longido. Mito ina kikomo chake, na wanaoitegemea ni wengi, kuanzia mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachaga, hadi bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme iliyo mbele yake.

MFUGAJI: Mzee wa mlimani anataka tambarare inywe visima ili mlima ubaki na mito, lakini hajasema visima hivyo vina nini ndani. Bomba la Mto Simba halikujengwa kwa anasa. Maji mengi ya ardhini kati ya Meru na Kilimanjaro yana floraidi, madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano, ambayo yakizidi huyafanya meno ya watoto kuwa ya kahawia na, kwa miaka mingi ya kuyanywa, huikunja miguu na kukakamaza mgongo. Mwaka 1974 nchi iliweka kiwango cha muda cha maji ya vijijini kilichoruhusu miligramu 8 kwa lita, kwa kuwa hapakuwa na maji mengine; kiwango cha sasa ni miligramu 1.5, sawa na kile cha Shirika la Afya Duniani. Kisima kilichofungwa zamani kwa sababu ya floraidi kikifufuliwa kwa paneli mpya kitatoa floraidi ileile.

MHANDISI WA MAJI: Hapo hoja inaweza kuboreshwa badala ya kukataliwa. Maji yapimwe kabla paneli haijanunuliwa. Kisima chenye floraidi nyingi kitengwe kwa mifugo, ambayo mingi huchinjwa au kuuzwa kabla ya madhara makubwa kujitokeza, na watu waletewe maji ya chemchemi kwa bomba jembamba. Njia ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe imefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, na inafaa kwa maji ya kunywa na kupikia ya kaya, ambayo si mengi.

MKULIMA WA MFEREJI: Bomba jembamba la watu huanza na watu, likaishia kwenye mbauti. Ni nani atakayelala kwenye valvu kulinda? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya mwaka 2009 imeweka wazi mpangilio: kwanza matumizi ya nyumbani, pili maji yanayoachwa mtoni kwa ajili ya uhai wa mazingira, kisha shughuli nyingine za uchumi na jamii. Kundi la ng'ombe 300 ni shughuli ya uchumi kama lilivyo shamba la kahawa, na mwenye kahawa akimwagilia bila kibali anaitwa mwizi wa maji.

MFUGAJI: Kwa mfugaji ukuta huo wa kisheria haupo. Maziwa ndiyo chakula cha mtoto, na maziwa ni maji aliyokunywa ng'ombe jana. Kundi likikosa kunywa siku mbili, mtoto hulala njaa siku ya tatu. Anayetaka kuyatenga matumizi ya nyumbani na mbauti aeleze kwanza katika boma nyumba inaishia wapi na zizi linaanzia wapi.

MTAALAMU WA MALISHO: Hoja hiyo ina nguvu kwa boma lenye ng'ombe 20. Haina nguvu hiyohiyo kwa makundi mengine ambayo wote waliopo wanayajua ingawa hakuna aliyeyataja: ng'ombe wa watu wanaoishi Moshi na Arusha, wafanyabiashara na watumishi, wanaochungwa tambarare na vijana wa mshahara. Mwenye kundi la namna hiyo hahudhurii mkutano wa kijiji, hachangii alalili, na ukame ukija hupakia ng'ombe kwenye lori. Kisima kinachotoa maji bila mafuta, mbauti ikiwa wazi kwa kila ajaye, ni ruzuku kwake kabla ya kuwa msaada kwa boma.

MFUGAJI: Hilo ni kweli, na linauma. Wapo pia wafugaji walioukubali utaratibu huo kwa sababu wamiliki hao huwaachia maziwa na ndama mmoja mmoja. Lakini kumfungia mwenye kiu maji ni jambo ambalo mila hailikubali kirahisi. Ukame wa mwaka 2009 ulipowapiga wafugaji wa pande zote mbili za mpaka, makundi yalivuka kutoka Kenya kuja Tanzania na mengine kutoka Tanzania kwenda Kenya, na yalipokewa, kwa kuwa anayepokea mwaka huu ndiye atakayekuwa akibisha hodi mwaka ujao. Mita ya kadi haijui ujirani wa namna hiyo.

MKULIMA WA MFEREJI: Mfongo unajua ujirani, na bado una sheria. Ukoo uliochimba ndio uliogawa zamu. Aliyekosa siku ya kusafisha mfereji alikosa zamu yake au alilipa faini iliyoliwa na waliofanya kazi. Mgeni alipewa maji, ila aliomba kwanza na aliambiwa mwisho wake. Upande wa Upare kuna ndiva, mabwawa madogo ya milimani yanayokusanya maji ya usiku ili yafunguliwe asubuhi, na kila ndiva ina mtu anayejulikana kwa jina kuwa ndiye anayefungua na kuziba. Kasoro ya visima vya tambarare ni kwamba tangu enzi za ukoloni vimekuwa vikichimbwa na serikali au wafadhili, na mtu wa kuziba hakuwahi kuteuliwa.

MTAALAMU WA MALISHO: Basi ateuliwe, na apewe ratiba. Visima vilivyo katika malisho ya kiangazi vifufuliwe vyote bila kusita. Vile vilivyo katika malisho ya masika visifufuliwe mpaka mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji uandike miezi ambayo vitafungwa, na kisanduku cha pampu kizimwe kwa ufunguo katika miezi hiyo. Kijiji kikishindwa kukubaliana miezi, kisima kibaki kimelala.

MFUGAJI: Ratiba inakubalika kwa sharti kwamba ufunguo uwe mikononi mwa malaigwanani, si wa afisa anayehamishwa kila baada ya miaka mitatu, na kwamba mwenye ng'ombe aliyeko mjini afungiwe sawasawa na mwenye ng'ombe aliyeko bomani. Mvua ikikatika katikati ya masika, wazee wawe na mamlaka ya kufungua bila kungoja barua.

MHAZINI WA JUMUIYA YA WATUMIA MAJI: Katika baraza la malaigwanani hakuna mwanamke. Ufunguo ukikaa huko, atakayeamua tangi lifunguliwe lini ni yule asiyebeba dumu, na atakayelipa shilingi 50 hatakuwepo siku ya uamuzi. Kuwe na funguo mbili za kisanduku kimoja, kila upande na wake: wa malisho ukae kwa wazee, wa maji ukae kwa jumuiya, na kisanduku kisifunguke mpaka zote mbili ziwepo.

MFUGAJI: Na usiku ambao mhazini amesafiri, ng'ombe wangoje?

MHAZINI WA JUMUIYA YA WATUMIA MAJI: Wanawake hungoja kila alfajiri.

MHANDISI WA MAJI: Mazungumzo haya ni ya maana, lakini bajeti ya mwaka hufungwa tarehe 30 Juni, na mfadhili huhesabu visima vinavyotoa maji, hahesabu funguo. Upande wa Enduimet, eneo la uhifadhi wa wanyamapori magharibi mwa mlima, hata kisima kikikamilika, tembo huenda wakavunja mbauti na kung'oa mabomba ndani ya msimu mmoja wa kiangazi, hivyo sehemu ya fedha lazima iende kwenye kuta za mawe na mitaro. Vijiji vikiambiwa vikubaliane kwanza kuhusu miezi, funguo, mita na wageni, vingine vitachukua mwaka, vingine miwili, na fedha zitakuwa zimekwenda mkoa mwingine.

MTAALAMU WA MALISHO: Kama zitakwenda, ziende. Makubaliano yaliyoharakishwa ili kuwahi Juni yatavunjwa Novemba ya mwaka huohuo, vuli itakapochelewa.

MFUGAJI: Mwishoni mwa mwaka 2021 vuli ilikosekana, na ilipofika Januari mizoga ilikuwa imetapakaa Simanjiro na Longido. Ndugu Mtaalamu awaendee waliopoteza makundi yao mwaka ule awaambie wasubiri miaka miwili, kisha arudi kueleza wamemjibu nini.